TAARIFA YA AFYA KWA WANANCHI: KUZIFAHAMU TARAKIMU ZA KIPIMA PUMZI KWA MWENYE MARADHI YA PUMU

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanaletewa maelezo haya kuhusu chombo kidogo kiitwacho kipima pumzi, ambacho baadhi ya wagonjwa wa pumu wamepewa au wamekinunua, kisha wakakiweka kabatini bila ya kujua kinasema nini. Chombo hicho hakiponeshi maradhi. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kumwambia mwenye pumu hali ya njia zake za hewa kabla kifua chenyewe hakijamwambia. Katika maradhi haya, kujua mapema kwa siku moja au hata saa chache ndiko kunakomtenganisha mtu anayeongeza dawa nyumbani kwake na mtu anayekimbizwa hospitali usiku wa manane akiwa hawezi kutamka neno.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2019 watu milioni 262 duniani walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki kwa maradhi hayo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati, ambako wagonjwa wengi hawagunduliwi au hawapati matibabu ya kutosha. Kwa hiyo pumu si jambo la kulichukulia kuwa ni kubanwa kifua tu kwa mara moja moja, kama wanavyodhani baadhi ya wazee wetu.

Ni vyema kwanza ikaeleweka kinachotokea ndani ya kifua. Hewa tunayovuta hupita kooni, ikaingia katika mrija mkuu, na mrija huo hugawika mara mbili, kisha kila tawi likagawika tena mfano wa matawi ya mti, hadi kufikia vijifuko vidogo mno vya mapafu. Kwa mwenye pumu, kuta za mirija hiyo huwa na uvimbe, mara nyingi hata katika siku anazojihisi mzima. Akikutana na kinachomsumbua, kama vile moshi wa kuni, vumbi, mafua au baridi ya kipupwe, misuli inayoizunguka mirija hukaza, kuta hufura zaidi, na ute mzito hujaza nafasi iliyobaki. Mrija uliopungua upana wake kwa nusu hauzidishi ugumu wa kupita hewa mara mbili tu. Kwa hesabu za wataalamu, pale hewa inapokwenda kwa utulivu, ugumu huo huzidi mara 16. Hii ndiyo sababu mtu huweza kuonekana hajambo wakati wa alasiri na akawa taabani ifikapo usiku.

Aidha, mwenye pumu hupata taabu zaidi katika kuitoa hewa kuliko katika kuivuta, kwani mtu anapotoa pumzi mirija yake hupungua upana kidogo, na ile iliyokwisha kubana hukaribia kufunga. Ule mlio mfano wa filimbi unaosikika kifuani ni wa hewa inayolazimishwa kutoka katika nafasi finyu. Kipima pumzi kimejengwa juu ya msingi huu: hupima kasi ya juu kabisa ya hewa inayotoka mtu anapopuliza kwa nguvu zake zote, na huihesabu kwa lita kwa dakika. Mirija ikiwa wazi tarakimu huwa kubwa; ikibana, tarakimu hushuka.

Chombo hiki kilibuniwa nchini Uingereza na Dkt. Basil Martin Wright, ambaye pamoja na mwenzake, Dkt. McKerrow, alichapisha maelezo yake mwaka 1959. Kile cha awali kilikuwa kikubwa na kizito, kikitumika hospitalini tu. Mwaka 1978 Dkt. Wright alikitangaza kile kidogo kinachoshikwa kwa mkono, na tangu hapo mgonjwa akaweza kujipima mwenyewe nyumbani. (Bwana huyo huyo alishiriki pia katika kubuni chombo kimojawapo cha kupima ulevi katika pumzi za madereva.) Katika mwongozo wake wa mwaka 2010 kuhusu maradhi yasiyoambukiza, Shirika la Afya Duniani limekitaja kipima pumzi miongoni mwa vifaa vya lazima katika vituo vya afya vya msingi. Hakitumii umeme wala betri, jambo ambalo kwa sisi wa visiwani si dogo.

Namna ya kupima ni nyepesi, lakini wengi hukosea. Mgonjwa asimame wima, au akae kitako mgongo ukiwa umenyooka, na kila siku afuate namna ile ile moja. Arudishe kishale kwenye mwanzo wa mistari. Avute pumzi mpaka kifua kijae kabisa, akiweke chombo mdomoni juu ya ulimi, afumbe midomo yake kukizunguka pasibaki upenyo, kisha apulize mara moja kwa nguvu na kwa haraka, kama anayetaka kuzima mshumaa ulio mbali. Hapana haja ya kurefusha pumzi, kwani kinachopimwa ni ule mshindo wa mwanzo. Vidole visizuie njia ya kishale. Asome tarakimu, arudishe kishale, na arudie mpaka zitimie mara tatu.

Hapa ndipo panapotokea kosa la kwanza. Wako wanaojumlisha tarakimu tatu na kuzigawa ili wapate wastani. Sivyo. Inayoandikwa ni ile kubwa kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu awezaye kupuliza zaidi ya mirija yake inavyoruhusu, lakini kila mtu anaweza kupuliza chini ya uwezo wake kwa uvivu au kwa kukosa mbinu. Tarakimu tatu zikipishana mno, ni dalili kwamba upulizaji haukuwa sawa, na afadhali apumzike kidogo kisha arudie. Vipimo vichukuliwe asubuhi baada ya kuamka na jioni, kabla ya kutumia dawa, na viandikwe papo hapo pamoja na tarehe na saa. Watoto wa umri wa chini ya miaka 5 kwa kawaida hawawezi kupima kwa namna ya kutegemewa, hivyo wazee wao wategemee dalili wanazoziona kwa macho.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni kulinganisha tarakimu zako na za mtu mwingine. Mara kwa mara husikika wagonjwa wakiambizana, "Mimi napata 500, wewe 380 tu, basi wewe ni mgonjwa kuliko mimi." Maneno hayo hayana maana. Kasi ya pumzi hutegemea kimo, umri na jinsia. Mwanamme mrefu wa miaka 30 huweza kupuliza zaidi ya 600 akiwa mzima, ilhali bibi wa miaka 65 mwenye kimo kifupi akapuliza nusu ya hapo, naye pia akawa mzima. Yako majedwali yanayoonesha kiasi kinachotarajiwa, lakini mengi yanayotumika yalitungwa kutokana na watu wa Ulaya, na hata huko watu wenye kimo na umri mmoja hutofautiana sana.

Kwa mintarafu hiyo, kila mgonjwa anatakiwa awe na kiwango chake mwenyewe kilicho bora. Hukipata kwa kujipima asubuhi na jioni kwa muda wa wiki mbili, katika kipindi ambacho pumu yake imetulia na anatumia dawa zake kama alivyoagizwa. Tarakimu kubwa kuliko zote aliyoifikia katika muda huo ndiyo kiwango chake bora, na hiyo ndiyo mizani yake. Kwa mtoto anayekua kiwango hicho hupanda kadiri kimo kinavyoongezeka, hivyo hakina budi kutafutwa upya mara kwa mara. Vile vile atakayebadilisha chombo atafute kiwango upya. Vyombo viwili huweza kutofautiana, na huko Uingereza vipimo vya mtindo wa zamani wa Wright vilibadilishwa mwaka 2004 kwa vile vya mistari ya Ulaya, ambavyo kwa pumzi ile ile moja hutoa tarakimu tofauti. Anayeletewa chombo na jamaa yake aliye ng'ambo azingatie jambo hilo.

Baada ya kupata kiwango bora, tarakimu hugawanywa katika sehemu tatu kwa rangi za taa za barabarani. Kuanzia asilimia 80 ya kiwango bora na kuendelea ni kijani: hali ni nzuri, dawa za kila siku ziendelee. Baina ya asilimia 50 na 80 ni manjano: mirija imeanza kubana, na mgonjwa afuate maagizo ya ziada aliyopewa na daktari wake. Chini ya asilimia 50 ni nyekundu: hiyo ni dharura. Vyombo vingine vina alama ndogo za rangi ambazo mwenyewe huzisogeza ili zikae katika tarakimu zake.

Tuchukue mfano wa karani wa masjala, mwanamke, ambaye kiwango chake bora ni 420. Asilimia 80 ya kiwango hicho ni 336, na asilimia 50 ni 210. Jumatatu asubuhi amepima 410, jioni 420. Jumanne ameshikwa na mafua. Jumatano asubuhi amepata 380, jioni 410. Alkhamisi asubuhi 340, jioni 400. Ijumaa asubuhi 310, jioni 390. Ukimuuliza siku ya Ijumaa jioni, atakujibu kwamba hajambo, mafua tu. Na kweli hajihisi vibaya: amekwenda kazini, amepanda ngazi, amerudi nyumbani na kupika. Jumamosi asubuhi kipima kinaonesha 270.

Anayetazama tarakimu za jioni peke yake hataona jambo la kumtia wasiwasi. Ziliteremka kutoka 420 hadi 390, zote zikiwa katika kijani. Ni za asubuhi zinazotoa khabari. Mirija ya hewa kwa tabia yake hubana zaidi katika saa za mwisho wa usiku, na kwa mwenye pumu isiyotulia tofauti hiyo hupanuka siku hata siku. Siku ya Jumatatu tofauti yake ya asubuhi na jioni ilikuwa 10 tu, ambayo ni kama asilimia 2 ya wastani wa siku hiyo. Ijumaa ilikuwa 80, yaani kama asilimia 23. Mwongozo wa kimataifa wa pumu huhesabu kwamba kwa mtu mzima, tofauti ya kila siku ikipita asilimia 10 kwa wastani wa wiki moja au mbili, hiyo ni dalili ya pumu au ya pumu ambayo haijadhibitiwa. Mtu huyu wa mfano wetu alikuwa akionywa tangu Alkhamisi, na Ijumaa asubuhi alikwisha ingia katika manjano. Kama angesubiri mpaka kifua kibane ndipo achukue hatua, angesubiri pengine mpaka Jumamosi usiku.

Wako wagonjwa ambao miili yao imezoea kubanwa hata hawahisi tena, na hao ndio walio katika hatari kubwa kuliko wanaolalamika. Mgonjwa wa namna hiyo huweza kupoteza nusu ya kasi ya pumzi yake na akaendelea kusema kwamba ni mzima. Kwake yeye kipima pumzi ni cha lazima hasa. Tarakimu na hisia zikigombana, ifuatwe ile iliyo mbaya zaidi kati ya hizo mbili: mwenye kubanwa asitulizwe na tarakimu nzuri, wala mwenye tarakimu mbaya asitulizwe na kujihisi vyema.

Katika hali ya nyekundu, mgonjwa avute dawa yake ya kufungua mirija mara moja na aondoke kwenda hospitali iliyo karibu, huku akiendelea kuivuta njiani. Asisubiri kupambazuka, wala asisubiri chombo cha bure. Dalili zifuatazo ni za hatari hata pasipo kipimo: kushindwa kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, midomo kugeuka rangi, kuchanganyikiwa au kusinzia, na ile filimbi ya kifuani kunyamaza ghafla ilhali mgonjwa bado anahangaika. Jamaa wengi hufurahi wakisikia ukimya huo wakidhani amepata nafuu. Ukimya huo maana yake ni kwamba hewa imekaribia kutopita kabisa.

Kuhusu dawa, pampu ya buluu yenye salbutamoli hufungua misuli kwa muda wa saa chache, lakini haiuondoi uvimbe wa kuta. Uvimbe huondolewa na dawa za kuvuta za jamii ya steroidi, kama vile beklometasoni na budesonidi, ambazo mgonjwa hazihisi zikifanya kazi siku ile ile, na kwa sababu hiyo wengi huziacha. Jopo la kimataifa la pumu lijulikanalo kwa jina la GINA, lililoasisiwa mwaka 1993, lilitangaza mwaka 2019 kwamba haifai tena kwa watu wazima na vijana kutibiwa pumu kwa pampu ya kufungua mirija peke yake. Mwenye kumaliza pampu ya buluu moja baada ya nyingine bila ya dawa ya kuondoa uvimbe ajue kwamba pumu yake haijatibiwa, bali imefunikwa. Baada ya wiki chache za dawa ya uvimbe, tarakimu za asubuhi huanza kupanda na kuzikaribia za jioni, na wagonjwa wengi husadiki faida ya dawa hiyo pale tu wanapoiona katika daftari lao wenyewe.

Pampu ivutwe kupitia chombo cha kati ili dawa isiishie kooni. Pasipokuwa na kile cha dukani, chupa ya plastiki ya nusu lita inafaa. Utafiti uliofanywa Cape Town na Profesa Heather Zar na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulionesha kwamba kwa watoto wenye pumu iliyopanda, chupa ya plastiki iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa vyema ilifanya kazi sawa na chombo cha kiwandani. Kikombe cha plastiki laini hakikufaa kiasi hicho.

Wagonjwa wa pumu wanatahadharishwa pia kuhusu dawa nyengine. Propranololi inayotumika kwa shindikizo la damu, na hata matone ya macho ya timololi, huweza kuibana mirija kwa ukali. Aspirini na dawa za maumivu za jamii yake huwadhuru baadhi ya wenye pumu. Daktari au mfamasia aambiwe kwanza.

Tangu maradhi ya UVIKO-19, nyumba kadhaa zina kile kipimo cha kubana kidole kinachoonesha oksijeni katika damu. Kisichanganywe na kipima pumzi. Oksijeni huweza kubaki katika kiwango cha kawaida mpaka shambulio la pumu limekwenda mbali sana, kwani mwili hujitahidi kuilinda hadi mwisho. Kwa upande wake, kipima pumzi nacho kina mipaka: hutegemea juhudi ya mwenye kupuliza, hakisemi mengi juu ya mirija midogo kabisa, na hakitoshi kwa mwenye mapafu yaliyoharibiwa na tumbaku au kifua kikuu, ambaye tarakimu zake huwa chini wakati wote bila ya kupanda na kushuka sana. Huyo anahitaji kipimo kamili cha mapafu hospitalini.

Kwa watumishi, liko jambo moja zaidi. Mtu akiona kifua kinambana siku za kazi na kinamwachia siku za mapumziko, huenda sababu iko kazini: unga kwa waokaji mikate, vumbi la mbao kwa maseremala, rangi za kupuliza kwa mafundi wa magari, dawa za usafi zenye klorini, vumbi la maghala na la majalada ya zamani. Ajipime angalau mara nne kwa siku, kwa wiki mbili hadi nne, siku za kazi na za mapumziko, na aandike kando kazi aliyoifanya. Daktari akiliona daftari la namna hiyo hupata ushahidi ambao maneno matupu hayawezi kumpa. Wakuu wa Idara wanaombwa wasimwone mtumishi anayepuliza kipima ofisini kuwa anapoteza wakati wa kazi, na wakubali kumhamisha chumba pale daktari atakapoeleza kuna haja.

Katika mwezi wa Ramadhani wengi huacha dawa zote na kurudi hospitali kabla ya Idi. Dawa ya uvimbe kwa kawaida huvutwa mara mbili kwa siku, hivyo yaweza kuwekwa wakati wa futari na wakati wa daku, na vipimo vikachukuliwa nyakati hizo hizo kabla ya dawa. Kupuliza kipima hakuingizi kitu mwilini. Kuhusu kuvuta pampu mchana, wanazuoni wamekhitilafiana, na kila mmoja amuulize anayemtegemea katika dini. Lakini mgonjwa aliyebanwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyengine, na haifai kuivumilia nyekundu mpaka magharibi.

Kipima kioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni mara moja kwa wiki, kikaushwe vyema kabla ya kutumika, na kisitumiwe na watu wawili bila ya kuoshwa. Mgonjwa anapokwenda kliniki achukue chombo chake, daftari lake na pampu zake zote, apulize na avute mbele ya mhudumu, ili makosa ya mkono na ya mdomo yarekebishwe hapo hapo. Ukurasa wa kwanza wa daftari uandikwe kiwango bora, tarakimu za asilimia 80 na 50 zikiwa zimekwisha kupigiwa hesabu, pamoja na maagizo ya daktari kwa kila rangi, na mtu mmoja wa nyumbani afundishwe kuusoma.